Sauti Isiyo ya Kweli: Ugomvi wa Draiva na Elimu ya Kutafuta Hitilafu

Miongoni mwa mazoea yanayodumaza elimu ya sayansi, hakuna linaloenea kimya kimya kama lile la kuitazama mashine yenye hitilafu kana kwamba imepagawa. Mashine ikigoma huzimwa na kuwashwa tena. Ikigoma mara ya pili hufutwa kila kilichomo. Ikigoma mara ya tatu hutangazwa kuwa ni mbovu, ikawekwa pembeni na kufunikwa kitambaa. Katika mzunguko huo hakuna swali linaloulizwa wala jambo linaloandikwa, na kwa hiyo hakuna kinachojulikana siku ya tatu ambacho hakikujulikana siku ya kwanza. Mashine nyingine huweza kununuliwa. Nafasi ya kujifunza iliyopotea hainunuliki.

Makala haya yanashika hoja kwamba kutafuta hitilafu ni sehemu halisi ya sayansi, inayostahili kufundishwa katika shule za sekondari kama yanavyofundishwa majaribio ya maabara. Mfano utakaotumika ni wa jambo linalowasumbua vijana wengi, nalo ni mgogoro wa programu zinazoendesha vifaa vya sauti katika kompyuta za kurekodia muziki.

Utajiri wa sauti na chumba cha kurekodia

Mji wa Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, umezungukwa na utajiri wa sauti. Huko huchezwa lizombe ya Wangoni, na upande wa Ziwa Nyasa huchezwa mganda na kioda. Ziko kwaya za makanisa, zikiwemo zile zilizokulia katika kivuli cha abasia ya Peramiho iliyoanzishwa mwaka 1898. Na kila mwezi Februari, wanapokumbukwa mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa mwaka 1906, ngoma husikika tena mjini.

Zamani kuzirekodi sauti hizo kulikuwa kazi ya taasisi kubwa zenye mitambo ya utepe. Leo kazi hiyo hufanywa na kijana mmoja katika chumba kilichoezekwa bati, chenye magodoro yaliyoegemezwa ukutani ili kuua mwangwi, kompyuta moja, maikrofoni mbili, na kijisanduku cha kuingizia sauti kinachounganishwa kwa waya wa USB. Umeme nao umekuwa wa uhakika zaidi kuliko ulivyokuwa. Mwaka 2018 Songea iliunganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, baada ya miaka mingi ya kutegemea majenereta ya dizeli.

Hata hivyo, vikwazo vingine havionekani kwa macho. Kwaya imeketi, mwalimu wa kwaya amenyanyua mkono, na sauti iliyokuwa safi jana leo inapasuka-pasuka kama bisi kikaangoni. Au maikrofoni imechomekwa, taa yake inawaka, lakini programu ya kurekodia inasema haioni kitu. Au wimbo unarekodiwa vizuri, kisha ukichezwa mahali pengine unatoka mzito na wa polepole, kana kwamba waimbaji wote wamezeeka usiku mmoja. Mara nyingi katika hali kama hizo hakuna kifaa kilichoharibika. Kilichoharibika ni maelewano baina ya vifaa.

Mkalimani wa mashine

Kompyuta haikuzaliwa ikijua lugha ya kila kifaa. Kijisanduku cha sauti cha kampuni moja hupokea amri kwa namna yake, na cha kampuni nyingine kwa namna tofauti. Kati ya kifaa na mfumo mkuu wa kompyuta hukaa programu ndogo inayotafsiri amri na majibu, ambayo mafundi huiita draiva. Draiva ni mkalimani. Katika baraza lenye mkalimani mmoja mwaminifu mashauri huenda sawa. Wakiingia wakalimani wawili wanaomsemea mzee mmoja kwa wakati mmoja, au mkalimani aliyejifunza lugha ya zamani isiyosemwa tena, baraza huvurugika ingawa kila mjumbe ana akili timamu.

Ili kuelewa mavurugano hayo, yafaa kwanza kukumbuka jinsi sauti inavyoingia katika kompyuta. Maikrofoni hubadili msukumo wa hewa kuwa mabadiliko ya umeme. Kijisanduku hupima umeme huo mara nyingi sana kwa sekunde, na kila kipimo, kiitwacho sampuli, huandikwa kama namba. Harry Nyquist aliweka msingi wa nadharia hii mwaka 1928, na Claude Shannon akaithibitisha kwa ukamilifu katika makala yake ya mwaka 1949: wimbi huweza kujengwa upya kutokana na sampuli zake, mradi kasi ya kupima ipite mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa uliomo katika wimbi hilo. Sikio la binadamu husikia hadi Hezi 20,000 hivi, kwa hiyo kasi hupaswa kupita sampuli 40,000 kwa sekunde. Santuri za kompakti, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, zilichagua 44,100. Kazi za filamu na video zikashika 48,000.

Ukubwa wa kazi hii haupaswi kudharauliwa. Kwa kasi ya 44,100, njia mbili za sauti, na baiti mbili kwa kila sampuli, kompyuta hupokea baiti 176,400 kila sekunde, yaani baiti 10,584,000 kila dakika. Hakuna hata moja inayoruhusiwa kuchelewa. Barua huweza kungoja. Sauti haingoji.

Mizizi minne ya ugomvi

Mzizi wa kwanza ni umiliki. Katika kompyuta zinazotumia Windows, tangu toleo la Vista la mwaka 2007, sauti za programu zote hukusanywa na mchanganyaji mmoja kabla ya kupelekwa kwenye spika. Hiyo ndiyo njia ya ushirika. Ipo pia njia ya upweke, ambamo programu moja hukimiliki kifaa peke yake na kuzifungia nyingine mlango. Kadhalika kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilitoa mwaka 1997 utaratibu uitwao ASIO, unaoipitisha sauti kando ya mchanganyaji ili isicheleweshwe. Taratibu hizi zote ni njema kila moja mahali pake. Lakini ikiwa programu ya kutazamia video imekwisha kukishika kifaa, programu ya kurekodia inaweza kujibiwa kwamba hakuna kifaa. Fundi asiyejua huanza kununua nyaya mpya, ilhali tiba ni kuifunga ile programu iliyoachwa wazi nyuma ya pazia.

Hapa pia ndipo huingia wakalimani wawili. Vijana wengi huweka draiva ya jumla iitwayo ASIO4ALL, ambayo ni daraja lililojengwa juu ya draiva za kawaida za Windows. Daraja hilo limewasaidia wengi wenye kompyuta zisizo na kijisanduku cha pekee. Lakini mwenye kijisanduku kilicholetwa pamoja na draiva ya mtengenezaji wake hana haja ya daraja. Akiziweka zote mbili bila kuchagua, programu ya kurekodia inaweza kumfuata mkalimani mmoja leo na mwingine kesho.

Mzizi wa pili ni umri. Mfumo mkuu wa kompyuta hubadilishwa, na mtengenezaji wa kifaa cha zamani huenda hana tena nia ya kuandika draiva mpya. Kifaa kizima hugeuka bubu. Jambo hili linawahusu wengi wakati huu, kwa kuwa Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, na watu wanahamia mifumo mipya wakiwa na vifaa vya zamani. Ipo ahueni: vifaa vinavyofuata kanuni ya pamoja ya sauti ya USB huhitaji draiva ya kawaida tu iliyomo katika mfumo. Windows ilianza kuelewa daraja la pili la kanuni hiyo yenyewe mwaka 2017, ilhali mifumo ya Macintosh na Linux ilikwisha kuielewa kabla. Mwalimu anayeishauri shule kununua kifaa atafanya vyema kuuliza swali hili kabla ya kuuliza rangi na bei.

Mzizi wa tatu ni foleni. Sampuli zinazoingia hazichukuliwi moja moja, bali hukusanywa kwanza katika hifadhi ndogo ya muda. Mfano wake ni ndoo iliyowekwa chini ya bomba linalotiririka bila kukoma, na mchukuzi anayekuja kuibadilisha. Ndoo ikiwa ndogo, mchukuzi lazima arudi haraka. Akizuiwa njiani na kazi nyingine, maji humwagika, na maji yaliyomwagika ndiyo mipasuko inayosikika. Ndoo ikiwa kubwa, hakuna kinachomwagika, lakini maji hufika nyumbani yakiwa yamechelewa.

Hesabu yake ni nyepesi kwa mwanafunzi wa kidato cha pili. Kwa kasi ya 48,000, ndoo ya sampuli 64 hujaa kwa sehemu 1.3 za elfu ya sekunde. Ya sampuli 256 kwa sehemu 5.3, ya sampuli 1,024 kwa sehemu 21.3. Sauti huingia kwa ndoo moja na kutoka kwa nyingine, kwa hiyo ndoo kubwa huzaa ucheleweshaji wa takriban sehemu 43 za elfu. Kwa kuwa sauti husafiri hewani mita 343 kwa sekunde katika joto la sentigredi 20, mwimbaji aliyevaa spika za masikioni hujisikia kana kwamba anaimba akiwa umbali wa zaidi ya mita 14 kutoka kwake mwenyewe. Mpiga ngoma katika hali hiyo hawezi kushika mwendo, na lawama huangukia mikono yake.

Mzizi wa nne ni saa, nao ndio wenye hatari kuliko yote.

Hatari ya uongo usiojitangaza

Mipasuko hujitangaza yenyewe, na ukimya vivyo hivyo. Lakini ugomvi wa saa huweza kukamilisha kazi yake bila mtu kutambua. Iwapo kijisanduku kinapima sampuli 48,000 kwa sekunde, na kwa sababu ya draiva isiyoelewana nacho programu ya kurekodia inaamini kwamba zinakuja 44,100, faili litaandikwa kwa jina la uongo. Pale chumbani yule anayesikiliza moja kwa moja hasikii kasoro, kwa kuwa kifaa kinaitoa sauti kwa saa ile ile kilichoipokelea. Faili likifunguliwa mahali pengine, kila sampuli huchezwa kwa mwendo wa 44,100. Wimbo wa dakika 10 utachukua dakika 10 na sekunde 53, na mlio wote utashuka kwa karibu asilimia 8, ambayo katika ngazi ya muziki ni karibu nusutoni moja na nusu.

Katika wimbo wa vijana wenye ala za kompyuta kosa hilo hugunduliwa upesi, kwa sababu ala zilizotangulia kurekodiwa hazitapatana na mwimbaji. Lakini katika lizombe hakuna ala ya kompyuta ya kulinganisha nayo. Bibi anayeimba wimbo alioupokea kwa mama yake anarekodiwa mara moja, kikundi kinaondoka, na faili linahifadhiwa. Miaka 20 baadaye mwanafunzi wa muziki atapima milio ya wimbo huo, ataandika mwendo wake, atafundisha wengine kuucheza, na yote atakayosema yatakuwa makosa kwa asilimia 8. Hatakuwa na njia ya kujua. Bibi hatakuwepo wa kuulizwa.

Kumbukumbu iliyopotea huacha pengo, na pengo hutambulikana. Kumbukumbu ya uongo huketi katika kiti cha kumbukumbu ya kweli. Hii ndiyo sababu suala la draiva, ambalo laonekana kuwa dogo na la mafundi tu, linagusa wajibu wa taifa wa kuhifadhi urithi wake.

Watangulizi walilijua jambo hili kwa namna yao. Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi muziki, na aliyeanzisha mwaka 1954 Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini, alikuwa na desturi ya kupima milio ya ala kwa seti ya uma za sauti, yaani vile vyuma vyenye meno mawili vinavyolia kwa mtetemo mmoja usiobadilika. Hakuridhika na utepe peke yake, kwani mwendo wa utepe huweza kuyumba.

Uma wa namna hiyo umo katika maabara nyingi za fizikia za sekondari, mara nyingi ukiwa umechongwa namba 256 au 512. Hapa pana pendekezo la kwanza la makala haya: kila rekodi ya urithi ianze kwa mlio wa uma wa sauti unaojulikana, na msemaji ataje namba yake, tarehe na mahali. Ikiwa uma wa Hezi 256 utasikika baadaye kama Hezi 235.2, yeyote mwenye elimu ya kidato cha nne atajua kwamba saa zilikosana, na kwa kugawanya tu ataweza kuirudisha rekodi katika ukweli wake. Sekunde 5 za chuma kinacholia zinaweza kuokoa kazi ya maisha ya mtu.

Upo pia ugomvi wa saa ulio mpole zaidi. Kila kifaa hupata mwendo wake kutoka katika kijipande cha fuwele kinachotetemeka, na hakuna fuwele mbili zilizo sawa kabisa. Maikrofoni mbili za USB zilizochomekwa katika kompyuta moja ni saa mbili ukutani. Zikitofautiana kwa sehemu 50 tu katika milioni, baada ya dakika 10 zitakuwa zimeachana kwa sehemu 30 za elfu ya sekunde, na baada ya saa nzima kwa sehemu 180. Ngoma moja itasikika kama ngoma mbili. Tiba si programu bali ni kutumia kijisanduku kimoja chenye matundu mawili, ambamo maikrofoni zote hupimwa kwa saa moja.

Njia ya kutafuta

Mwenye kuijua mizizi hiyo hana haja ya kubahatisha. Kwanza huisikiliza hitilafu na kuiandika jina. Ukimya kamili huelekeza kwenye umiliki au umri. Mipasuko huelekeza kwenye foleni. Mlio uliopanda au kushuka huelekeza kwenye saa. Mvumo mzito usiokoma wa Hezi 50 au 100 hautoki kwenye draiva hata kidogo: huo hutoka kwenye umeme, na kompyuta ya mkononi ikiondolewa kwenye chaja mvumo ukatoweka, kinachotakiwa kuchunguzwa ni waya wa ardhi.

Pili, hupunguza mambo. Hufunga programu zote ila ile ya kurekodia, huacha kifaa kimoja tu, na hukichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta bila kupitia kigawanyio cha USB. Tatu, hukagua kwamba kasi ya sampuli ni namba moja katika mahali patatu: kwenye draiva ya kifaa, kwenye mipangilio ya sauti ya mfumo, na kwenye programu ya kurekodia. Nne, huteua draiva moja tu, ile ya mtengenezaji ikiwa ipo. Tano, hukuza ndoo hatua kwa hatua hadi mipasuko ikome. Ikiwa bado haikomi, huzima kwa muda mawasiliano ya intaneti yasiyo na waya, maana draiva ya kifaa hicho inaweza kumzuia mchukuzi njiani.

Kanuni kuu inayozifunga hatua hizi ni moja: jambo moja tu hubadilishwa kwa wakati mmoja, hupimwa, na matokeo huandikwa. Kisichosaidia hurudishwa kilipokuwa. Mwalimu wa kemia ataitambua kanuni hii mara moja, kwani ndiyo anayoidai kwa wanafunzi wake kila wanapochunguza chumvi isiyojulikana.

Kupiga windo si dawa

Kinyume cha njia hiyo ni desturi inayojulikana mitaani kwa jina la kupiga windo, yaani kufuta mfumo wote wa kompyuta na kuuweka upya. Haikataliwi kwamba desturi hiyo huponya mara nyingine. Lakini huponya kama tabibu anayempa mgonjwa dawa zote zilizomo kabatini. Akipona, haijulikani ni ipi iliyomponya. Akiugua tena, hapana budi kumnywesha zote tena. Na mara nyingi pamoja na mfumo hufutwa rekodi zenyewe, ambazo mwenyewe hakuwa na nakala yake.

Mbaya zaidi, mfumo unaowekwa upya huja na fungu la draiva zilizookotwa popote, na programu za kurekodia zilizovunjwa kufuli. Programu ya namna hiyo ni mgeni asiyejulikana aliyekabidhiwa ufunguo wa nyumba. Huweza kuleta virusi, na huweza kuleta wakalimani wengine watatu wasioitwa. Kijana asiye na fedha ana njia iliyo safi zaidi: zipo programu za kurekodia zinazotolewa bure na kwa halali, kama Audacity.

Hoja za wapinzani

Itasemwa kwamba shule nyingi hazina kompyuta za kutosha, na kwamba kuzungumzia draiva mahali pasipo na madawati ni anasa. Hoja hii ina uzito, wala haifai kupuuzwa. Hata hivyo kutafuta hitilafu ni mojawapo ya masomo machache yanayofaidi uhaba. Kompyuta moja yenye kasoro, ubao, na wanafunzi 40 wenye madaftari vyatosha: mmoja hubadilisha, wengine hutabiri kitakachotokea, na utabiri uliokosea hujadiliwa. Kompyuta nzima haifundishi hivyo. Na pasipo na kompyuta kabisa, tochi isiyowaka au redio yenye mkwaruzo hufundisha kanuni ile ile.

Itasemwa pia kwamba mambo ya kompyuta hubadilika kila mwaka, na kwamba mwanafunzi atakayehitimu atakuta draiva alizojifunza zimekwisha kufa. Hapa lazima kutenganisha elimu inayooza na elimu isiyooza. Majina ya vitufe huoza, na mahali pa kubonyeza huoza. Lakini kanuni ya Nyquist na Shannon haijaoza, hesabu ya ndoo na bomba haitaoza, na desturi ya kubadili jambo moja kwa wakati mmoja ilikuwepo kabla ya kompyuta. Mwalimu ashike hiyo ya pili, na ile ya kwanza wanafunzi watajitafutia wenyewe.

Wengine watasema kwamba simu za mkononi sasa hurekodi kila kitu, kwa hiyo ugomvi huu umepitwa na wakati. Simu nayo ina draiva ndani yake, ila tu mtengenezaji amekwisha kuzipatanisha kabla ya kuiuza. Ugomvi huanza pale rekodi ya simu, ambayo aghalabu ni ya 48,000, inapohamishiwa katika kazi ya kompyuta iliyopangwa kwa 44,100. Programu nyingi huibadilisha kwa usahihi. Lakini asiyejua kwamba kuna jambo la kukaguliwa hatakagua.

Wajibu wa shule

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, alidai elimu imwezeshe kijana kuyakabili maisha ya mahali anapoishi na kujiamulia mambo kwa akili yake. Wakati ule jembe na shamba vilikuwa mfano wa karibu. Leo katika mji kama Songea mashine zimeingia katika kila kazi, na kujitegemea hakuwezi kumaanisha kuwa mtumiaji mzuri wa vifaa ambavyo wengine peke yao ndio wanaovielewa. Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeweka mkondo wa amali kando ya mkondo wa jumla. Itakuwa hasara ikiwa wale wa amali watajifunza kubonyeza bila nadharia, na wale wa jumla nadharia bila kubonyeza.

Kinachohitajika ni kidogo. Somo la mawimbi katika fizikia lichukue vipindi viwili kwa sampuli, ndoo na saa. Kila shule yenye maabara iweke daftari moja la hitilafu, ambamo kila mashine iliyogoma huandikiwa dalili, majaribio na matokeo. Baada ya miaka mitano daftari hilo litakuwa kitabu chenye thamani kuliko vingi vinavyonunuliwa. Na chama cha sayansi cha wanafunzi kichukue jukumu la kurekodi sauti za wazee wa kata yake, kila rekodi ikianza kwa mlio wa uma wa sauti, ikiwa na kasi yake ya sampuli iliyoandikwa pamoja na jina la wimbo, na nakala zake mbili zikae mahali pawili.

Kijana atakayefanya kazi hiyo atakuwa amejifunza fizikia, atakuwa ameihifadhi historia ya kwao, na hataiogopa tena mashine inayonyamaza. Atajua kwamba nyuma ya ukimya huo lipo jambo linaloweza kuulizwa, na kwamba likiulizwa kwa utaratibu hujibu.